Mwaka mzima natumia walezi wa zamu kwenye deikea yetu, haya ndo niliyoyaona

Mi ni msimamizi wa deikea, watoto kama 40 hivi kuanzia miezi 6 mpaka miaka 4, na sasa ni mwaka na kitu natumia huduma ya walezi wa zamu. Ni zile za kwenye simu, unaandika pengo ulilonalo, siku gani, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, alafu walezi waliojisajili wanaona na anayeweza anakubali. Kampuni siitaji jina, nimetumia mbili na zote nina la kusema juu yao.

Asiyefanya kazi hii anaweza kudhani mlezi mmoja akiumwa basi wenzake watajibana siku ipite. Haiendi hivyo. England kwa mfano sheria inataka mtu mzima 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na kwa wa miaka 2 ni 1 kwa watoto 5 (mpaka Septemba 2023 ilikuwa 1 kwa 4). Na hata pasipo na sheria ya namba, mtu ana mikono miwili tu, huwezi kumbadilisha mmoja nepi huku unamkimbilia mwingine anayepanda kiti. Sa saa 12 na nusu asubuhi inaingia meseji "dada nimeamka na homa siwezi kuja" na saa 1 wazazi wako mlangoni. Mi nilikuwa naacha kila kitu naingia chumbani mwenyewe, mahesabu yanalala, barua hazijibiwi, na walezi wangu wa kudumu wawili walikuwa wamekaa miezi 8 bila likizo mpaka mmoja akanifuata jioni watoto wameshaondoka, akaongea kwa sauti ya chini kabisa kwamba anafikiria kuacha. Ile jioni ndo nikajisajili.

Wiki ya kwanza nilikosea, na kosa lilikuwa langu sio la mlezi. Pengo lilikuwa chumba cha wachanga nikamweka mgeni hukohuko. Dada wa watu mzuri tu, ana uzoefu, mpole. Lakini mtoto wa miezi 10 haangalii cheti, umri huo ndo ule anaogopa sura asiyoijua, na kulikuwa na mmoja alikataa chupa, alikataa kubebwa, anajikunja mgongo na kunyoosha mikono kuelekea mlangoni kila mtu akipita. Saa 4 nikamtoa mlezi aliyemzoea, ambaye siku hiyo alikuwa chumba cha wakubwa, nikamleta. Alivyomchukua tu mtoto kaweka kichwa begani, akashusha zile pumzi za kwikwi za mtoto aliyelia sana, na hata dakika 5 hazikuisha kalala. Niliumia kweli, maana tangu saa 1 yule mlezi alikuwa ukuta wa pili tu.

Tangu siku hiyo mgeni kwetu haanzii kwa wachanga. Nahamisha mtu wangu wa kudumu kwenda kwa wachanga na mgeni anaingia kwa wa miaka 3 na 4, hao hata hawajakusalimia vizuri wanakuonyesha viatu vyao na kukutajia majina ya wadogo zao. Ni usumbufu kupanga upya asubuhi asubuhi ila inalipa mno.

Alafu swala la ukaguzi. Kampuni itakwambia wote wamehakikiwa, sawa, ila hakikisha na wewe. Mi nina mdoli ofisini, kila anayekuja mara ya kwanza nampa namwambia huyu ana miezi 7 amekabwa na kitu kooni, nionyeshe. Anayejua anamlaza kifudifudi mkononi kichwa chini kidogo, anampiga mapigo 5 katikati ya mabega, haijatoka anamgeuza anabonyeza kifua mara 5. Mmoja mwenye nyota zote na picha nzuri alianza kumminya mdoli tumbo, na mtoto chini ya mwaka 1 haminywi tumbo hata kidogo, unaweza kumuumiza ndani. Nikamshukuru nikamrudisha, nikawaandikia kampuni, wakanijibu baada ya siku 3 kwamba maoni yangu yamepokelewa. Siku nyingine aliyekuja getini sio yule wa kwenye picha, eti ni dada yake kaja kumshikia zamu. Sikumruhusu kuingia, na ile zamu bado walitaka niilipie, tukavutana wiki mbili. Hapo siwasamehei kabisa, huwezi kufanya biashara na watoto wa watu kwa mtindo huo.

Walezi wangu wenyewe mwanzoni walinuna. Walidhani naleta watu wa kuchukua nafasi zao, na walivyojua mgeni analipwa zaidi yao kwa saa ndo ikawa mbaya zaidi, na walikuwa na haki kulalamika kwa sababu kazi ya kumwelekeza mgeni inawaangukia wao, huyu ana aleji ya karanga, huyu halali bila kitambaa chake, yule anachukuliwa na bibi tu. Nikakaa nao, hela ya anayemwelekeza mgeni tukaiongeza, na mgeni sasa anaitwa dakika 45 kabla ya zamu na tunamlipa hizo dakika. Watoto wenye aleji wana picha zao ukutani ndani ya jiko. Yule aliyetaka kuacha kachukua wiki mbili zake zote, simu kazima, na yupo mpaka leo.

Katika kama 20 waliopita kwetu nimebaki na 4 ninaowaita, haohao kila mara, watoto wanawajua kwa majina na wazazi nao wanawajua, picha zao ziko ubaoni mlangoni. Ukiniuliza faida iko wapi ntakwambia iko kwa hao 4. Mmoja wao ni mama mwenye watoto shule, anataka saa 3 mpaka saa 8 tu, mikataba ya siku nzima ilikuwa inamshinda, na mi masaa hayohayo ndo nilikuwa nahangaika nayo maana ndo watu wangu wanakula na kupumzika. Tukataka kumwajiri moja kwa moja, kumbe mkataba una kifungu kwamba ukimchukua mtu wao unalipa ada na ni kubwa, mi nilisaini bila kukisoma. Kwa iyo ukijisajili uliza hilo kwanza kabla hujaomba hata zamu moja. Tulilipa. Kaanza mwezi uliopita, na mwezi huu kaanza kuingia kwa wachanga, nusu saa nusu saa, mlezi wao akiwa palepale.

Nyota 3 kwa kampuni, hao walezi 4 nyota zote 5.