Kuponi Baada ya Daftari: Tathmini ya Mwaka Mmoja wa Kununua kwa Punguzo

Kwa muda wa miezi 12 kaya yetu yenye watu watano imetumia, kwa makusudi na kwa kuweka kumbukumbu, aina nne za huduma ya punguzo: kuponi za karatasi zinazokatwa kwenye vipeperushi na vifungashio, kuponi za simu zinazotolewa na programu za maduka, kadi za pointi, na huduma zinazomrudishia mteja sehemu ya fedha yake baada ya kupiga picha ya risiti. Tathmini hii haihusu duka moja wala kampuni moja, kwa sababu masharti ya huduma hizi yanafanana kuliko wenyewe wanavyopenda kukiri. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: je, kuponi hupunguza matumizi ya kaya, au huyahamisha kutoka rafu moja kwenda nyingine?

Jibu nililolipata linategemea tarehe. Katika miezi 4 ya kwanza fedha tuliyoitumia madukani iliongezeka, na katika miezi 8 iliyofuata ilipungua ikabaki chini. Huduma zilikuwa zile zile, idadi ya watu nyumbani ile ile, na mapato hayakubadilika. Kilichobadilika ni utaratibu, yaani kipi kinaandikwa kwanza na kipi kinatafutwa baadaye.

Ili tuitendee haki kuponi, ni vyema tukumbuke ilizaliwa kwa kazi gani. Mwaka 1887, mjini Atlanta nchini Marekani, Coca-Cola kilikuwa kinywaji kipya ambacho wengi hawakukijua, hivyo zikaanza kugawiwa tiketi ndogo za karatasi ambazo aliyezifikisha dukani alipewa glasi moja bila malipo. Inakadiriwa kwamba kati ya mwaka 1894 na 1913 glasi zilizotolewa kwa njia hiyo zilifika milioni 8.5. Nia haikuwa kumwokolea mtu fedha. Nia ilikuwa aonje asichokijua, kisha arudi akiwa na fedha mkononi. Nimeona tabia hiyo ya asili bado imo ndani ya kuponi za leo: zile za punguzo kubwa kabisa karibu zote zilikuwa za bidhaa mpya, au za bidhaa ambayo nyumbani kwetu haijawahi kuingia, ilhali kwa vitu tunavyonunua kila wiki punguzo lilikuwa dogo au halikuwapo.

Jambo la pili ambalo mtumiaji anapaswa kulielewa ni nani anayelipa. Kuponi ya mtengenezaji hulipwa na mtengenezaji: duka humpunguzia mteja bei, kisha huidai fedha hiyo kwa kuziwasilisha kuponi lilizozipokea, na kuponi yenye kasoro huenda isilipwe. Kuponi ya duka ni gharama ya duka lenyewe. Nilipolifahamu hilo niliacha kumkasirikia keshia anayeisoma tarehe mara mbili, maana akikosea hasara ni ya duka lake. Vilevile nilielewa kwamba usumbufu wa kukata, kutunza na kukumbuka si dosari ya huduma, bali ni sehemu ya mpango wake. Kama punguzo lingekuwa rahisi kwa kila mtu, lingekuwa ni kushusha bei tu. Kwa kuliwekea usumbufu, muuzaji humpa bei ya chini yule anayeijali kiasi cha kuihangaikia, na wengine wote huendelea kulipa bei kamili.

Sasa niseme kilichoharibika katika miezi 4 ya kwanza. Tulianza na kuponi. Jioni moja kila wiki tulizipanga mezani, tukachagua zenye asilimia kubwa, ndipo tukaandika orodha ya manunuzi kutokana na zile tulizozichagua. Kwa macho ilikuwa kazi ya watu makini. Mwishoni mwa mwezi wa tatu, hata hivyo, kabati la chini lilikuwa limejaa sabuni ya kufulia na dawa ya meno ya kututosha kwa muda mrefu, na papo hapo fungu la chakula lilikuwa limekauka siku 6 kabla ya mwezi kwisha. Tulikuwa tumeshinda kila mara mbele ya kaunta, na nyumbani tumeshindwa.

Hesabu yake haihitaji elimu kubwa. Punguzo la asilimia 30 kwa kitu ambacho hakimo katika mpango ni matumizi ya asilimia 70 ambayo hayakuwapo. Tangazo la kununua viwili upate cha tatu bure, kwa mtu aliyehitaji kimoja, linaongeza malipo yake maradufu. Waswahili wamesema bure ghali, na sikuwahi kuuona usemi huo ukitimia kwa usahihi kama nilivyouona katika risiti zetu za mwezi wa pili.

Kwa nini basi watu wazima wenye akili timamu hunaswa? Mchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza katika makala ya mwaka 1985 kwamba mnunuzi hupata faida ya aina mbili: ile ya kukimiliki kitu, na ile ya kuona kwamba amekipata kwa bei nafuu kuliko aliyoitarajia. Hiyo ya pili ni raha kamili, inayojitegemea, na inaweza kumfanya mtu alipie kitu ambacho hakihitaji. Kisa cha maduka ya J.C. Penney ya Marekani kinaonyesha ilivyo na nguvu. Mwaka 2012 uongozi mpya ulifuta kuponi na mauzo mengi ya punguzo, ukaweka badala yake bei za chini za kudumu, jambo ambalo msomaji angedhani wateja wangelishangilia; mauzo yakaanguka kwa takriban robo katika mwaka huo mmoja, mkurugenzi mkuu akaondoka Aprili 2013, na kuponi zikarejeshwa. Waliozoea kuwinda hawakutaka kupewa nyama iliyokwisha kukatwa. Nasi nyumbani, nakiri, tulikuwa tunawinda.

Mabadiliko yalikuja pale mwenzangu alipokataa kuzitazama kuponi kabla ya daftari kufunguliwa. Mali bila daftari huisha bila habari, alisema, na kuanzia hapo tukafuata mpangilio ambao hatujauacha. Mapato ya mwezi yanapoingia, kwanza hutengwa akiba, hata ikiwa ndogo. Kisha malipo yasiyokwepeka kama kodi ya nyumba, umeme, maji na karo. Kisha fungu la dharura. Na kinachobaki hugawanywa kwa wiki. Orodha ya manunuzi ya wiki huandikwa baada ya kufungua kabati na kuangalia kilichomo. Orodha ikishakamilika ndipo tunapouliza kama kuna kuponi inayohusu kitu kilichoandikwa. Kama ipo, vizuri. Kama haipo, orodha haiguswi.

Utaratibu wa kutanguliza akiba na kuandika kila kitu kwa mkono si uvumbuzi wetu. Nchini Japani, mwanahabari Hani Motoko alichapisha daftari la hesabu za nyumbani mwaka 1904, na desturi hiyo, inayoitwa kakeibo, inaendelea hadi leo. Nimejaribu pia ile kanuni maarufu ya kutenga asilimia 50 kwa mahitaji, 30 kwa matakwa na 20 kwa akiba, na kwa maoni yangu ni kipimo kizuri cha kujilinganisha nacho lakini ni amri mbaya: kaya ambayo kodi na chakula pekee vinakula asilimia 70 itajiona imefeli kabla haijaanza, na hisia hiyo ya kufeli ndiyo inayowafanya watu walitupe daftari. Bora asilimia zako za kweli, kisha uzisogeze kidogo kidogo.

Ndani ya mpangilio huo mpya tuligundua kwamba silaha kubwa si kuponi, ni bei kwa kilo au kwa lita. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 1998 linawataka wauzaji kuionyesha bei hiyo pamoja na bei ya pakiti. Pasipo na sharti hilo, kikokotoo cha simu kinatosha. Tuchukue mfano wa bidhaa yenye jina kubwa inayouzwa kwa 100, na nyingine ya uzito na ubora ule ule inayouzwa kwa 75. Kuponi ya asilimia 20 inaishusha ya kwanza hadi 80, mnunuzi anatabasamu kwa kuokoa 20, kumbe amelipa 5 zaidi ya aliyepita kimya na ile ya 75. Zaidi ya hayo, kuponi nyingi hulazimisha pakiti ya ukubwa fulani, na mara kadhaa tuliona kwamba pakiti hiyo ndiyo ya ghali kwa kila gramu, hata baada ya punguzo. Ni kweli pia kwamba pakiti kubwa si nafuu siku zote. Kitu kinachooza kabla ya kuliwa hakina bei nafuu.

Kuhusu huduma zenyewe, kuponi za karatasi sina mengi ya kuzisema: ni za polepole, hupotea, na hazimfuatilii mtu. Huo wa mwisho nauhesabu kuwa sifa.

Kuponi za simu ndizo zilizotupa faida kubwa na kero kubwa. Faida yake ni kwamba unaweza kutafuta kwa jina la kitu kilicho katika orodha na kupata jibu kwa sekunde chache. Kero yake ni arifa. Programu moja ilituamsha kwa punguzo linalokwisha baada ya saa 3, na haraka hiyo ya kutengenezwa ndiyo adui wa bajeti, kwa kuwa inamwondoa mtu katika mpango wake wa wiki na kumtia katika mpango wa muuzaji. Dawa niliyoiona inafaa ni kuzima arifa zote siku ile ile unayoipakua programu, na kuifungua wewe unapotaka, ukiwa na orodha mkononi. Jambo jingine, kila unachonunua kinaandikwa kwa jina lako, na kuponi utakazoletewa baadaye zitapangwa kwa kuzingatia udhaifu wako. Nyumbani kwetu mmoja anapenda biskuti. Programu ilijua hilo ndani ya mwezi mmoja.

Kadi za pointi nimezipa alama za chini. Pointi si fedha. Ni ahadi inayoweza kubadilishwa thamani na aliyeitoa, na mara nyingi ina tarehe ya kufa. Zinafaa kwa duka ambalo ungeliendea hata bila kadi, basi. Ukijikuta unapita duka la karibu lenye bei nafuu ili ufuate pointi za mbali, nauli na muda vimeshazimeza pointi hizo. Huduma za kurudishiwa fedha zina busara kidogo zaidi, kwa kuwa hurejesha fedha halisi, ingawa yetu iliweka kiwango cha chini cha kutoa ambacho tulikifikia baada ya miezi 5, na picha mbili za risiti zilikataliwa bila maelezo ya kueleweka.

Lipo tukio moja la kuudhi ambalo sina budi kulitaja. Duka moja kubwa lilitutumia kuponi ya asilimia 25, nasi tukafika nayo kaunta tukiwa na vitu vya orodha tu. Kwa maandishi madogo, chini ya yale maneno ya vigezo na masharti kuzingatiwa, palikuwa na kiwango cha chini cha manunuzi ambacho kilikuwa karibu mara mbili ya bili yetu. Keshia, kwa upole, alitushauri tuongeze vitu. Zamani tungeongeza. Siku hiyo tulilipa bei kamili ya vile tulivyovihitaji, tukaondoka, na bado tulitumia kidogo kuliko ambavyo tungetumia kwa punguzo. Tangu hapo tunasoma mambo manne kabla ya kutoka nyumbani: tarehe ya mwisho, kiwango cha chini, ukubwa wa pakiti, na kama kuponi mbili zinaweza kutumika kwa kitu kimoja.

Lililoondoa wasiwasi nyumbani, kuliko yote, lilikuwa kuweka mpaka wa muda. Tunatenga dakika 30 kwa wiki. Zikiisha, kuponi ambazo hazijaangaliwa zinaachwa zife. Kwa kawaida tunatumia 5 au 6 kwa mwezi, badala ya zaidi ya 20 za mwanzoni, na kiasi kinachoonyeshwa kwenye risiti kuwa kimeokolewa tunakihamisha jioni ile ile kwenda akaunti ya akiba. Kisipohamishwa hakijaokolewa, kitatumika kwa kitu kingine kabla ya Ijumaa. Mazungumzo ya fedha kati yangu na mwenzangu, ambayo zamani yalizuka wakati bili imeshafika, sasa yana siku yake na hayazidi muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Ninaipendekeza huduma ya kuponi kwa kaya ambayo tayari inaandika matumizi yake, na yenye mtu mmoja asiyeona haya kutoka dukani na kuponi ambayo haikutumika. Kwa kaya inayodaiwa, au isiyojua fedha ya mwezi uliopita ilikwenda wapi, ningeshauri miezi 2 ya daftari peke yake, bila punguzo lolote, kabla ya kupakua chochote. Sisi tumebaki na programu moja iliyozimwa arifa na huduma moja ya kurudishiwa fedha. Kadi tatu za pointi tumezirudisha, na sabuni ya mwezi wa tatu bado tunaifulia.