Jigi ya aluminiamu ya kujengea chesisi ya gari la sloti: nzuri, ila inameza moto!

Haya wadau, karibuni tena gereji. Leo ni hii hapa, jigi ya aluminiamu, yaani bamba lenye vitobo na pini za kushikilia vipande wakati wa kulehemu. Ni ya kujengea chesisi za magari ya sloti, vile vigari vya mashindano vinavyokimbia kwa umeme kwenye mfereji wa njia. Chesisi zenyewe ni zile za mtindo wa miaka ya 60, za brasi (shaba ya njano) na waya, unazijenga mwenyewe kuanzia sifuri. Nimekaa nayo wiki tatu, nimeshajenga mbili juu yake. Vipimo sisomi, viko kwenye boksi, vitobo vipo, pini zipo, twende kwenye lililonikera.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Huu ni waya wa piano, chuma kigumu kabisa, unene kama milimita 1.6, na hiki ni kipande cha brasi kitakachobeba mota. Nimeshapaka flaksi ya asidi, dawa ya kusafisha chuma ili risasi ya kulehemu ishike, maana ile flaksi ya redio kwenye chuma haisaidii, risasi inateleza tu. Pasi ya kulehemu ni ya wati 40. Kazi iko juu ya jigi, naweka ncha hapa, hesabuni na mimi, moja, mbili, tatu... kumi... kumi na tano. Tazama hiyo risasi. Imejikunja kama kidonge, imekaa juu, haijatambaa popote.

Sasa naviosha, nahamishia vilevile juu ya kipande cha mbao. Pasi ileile, risasi ileile ya 60/40 ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Moja, mbili, tatu, nne, hiyooo! Imekimbia kama maji, imeingia mpaka chini ya waya, inang'aa. Aluminiamu inapitisha joto karibu mara mbili ya brasi, sasa ukigusa kazi yako juu ya bonge kubwa namna hii moto wote unashuka chini, wewe unapasha jigi moto badala ya chesisi. Na kiungo cha namna ile ya kwanza usikiamini, chesisi yangu ya kwanza iligonga ukingo wa njia mara moja tu, reli ya kushoto ikaachia yote.

Dawa yake nimeipata. Vijiti vya aiskrimu, unene mmoja, viwili chini ya reli za kushoto na kulia, kazi inanyanyuka kidogo na pini bado zinaishika. Halafu kila kipande kipake risasi peke yake kwanza kabla hujaviunganisha. Na nimehamia pasi ya wati 80 yenye ncha pana, hapo mambo yamenyooka kabisa.

Kwa nini nisiirudishe? Pini jamani. Ekseli ya nyuma na ya mbele zinakaa sambamba bila kubahatisha, na risasi haigandi kwenye aluminiamu kwa hiyo chesisi unaibandua safi. Angalieni, naiweka juu ya kioo, nabonyeza kona hii, hii, hii... haitikisiki. Zile jigi za fenoliki, plastiki ngumu, hazimezi moto, hilo nazipa, ila kila ukigusa na pasi zinaungua kidogo kidogo, na mimi pasi naigusisha sana.

Bei, nimelipa pauni 58 hapa Uingereza bila posta, kwangu ni ghali. Kuna mdau wa Arusha aliuliza kama inafaa kuagiza, ndugu yangu usiagize, tafuta fundi mwenye drili ya kusimama akutobolee ubao mgumu ulionyooka, chesisi ya kwanza itatoka.



Mwingine aliandika kwamba si ununue tu gari la boksi. Scalextric, hayo magari ya sloti ya boksi, nazipenda, zipo tangu 1957 na ndizo zilizoniingiza humu, lakini za siku hizi nyingi ni chesisi ya plastiki na sumaku chini, sumaku ndiyo inalishikilia gari kwenye kona. Hii ya brasi inashika kwa uzito wake ulio chini, unasikia mkia unaanza kutoka, unalegeza kidole kwenye kidhibiti cha mwendo, linarudi. Hapo nitaweka mota ya Mabuchi 36D, ya Japani, zile walizokuwa wanafunga Marekani enzi hizo.

Na oneni huu mkono wa mbele, nimeufunga kwa bawaba ya kibomba cha brasi na waya ndani yake. Nanyanyua pua ya gari... ulimi, kile kipande kinachoingia kwenye mfereji wa njia na kuchukua umeme, umeshuka wenyewe, milimita moja hivi. Gari likiruka, ulimi unabaki ndani ya mfereji na umeme haukatiki. Bawaba hii nilikaribia kuiharibu, risasi ilitaka kuingia ndani ya kibomba, nikapaka mafuta ya mashine kwenye waya kabla ya kulehemu, ikakataa kushika. Sikilizeni... tik, tik. Inacheza huru kabisa. Sasa naenda kuiosha asidi kwa maji na magadi, maana nikiiacha mpaka kesho waya wote utakuwa na kutu.