Duka la kuprinti vibao Kariakoo: kistari wanakijua, kukucheki hawajui

Hili duka linaprinti vibao na stika pale Kariakoo, jina silitaji maana nitawasifia ila nitawasema pia.

Mi namsaidia mama kusimamia kagesti ketu Sinza, vyumba tisa, siku hizi wageni wa nje wanakuja kuja kwa hiyo tukaona tuweke vibao vya Kingereza kinachoeleweka. Nikamtumia dogo wa kompyuta maneno Whatsapp, kimoja "Please check-in here", kingine "Check in time saa 8, check out time saa 4". Nilijua ataprinti tu kama wengine, maana kuna sehemu nyingine niliwahi kupeleka kazi wakaniandikia WELL COME na hela wakachukua.

Huyu akanipigia. "Dada, hapa unamwambia mtu afanye au unataja kitu?" Nikabaki kimya. Akasema ukimwambia mgeni afanye, check in inaachana, kistari hakuna, ila ukiitaja shughuli yenyewe, muda wa check-in, ndo kistari kinakaa katikati. Yaani mi nilikuwa nimegeuza vyote. Halafu akasema saa tuweke 2:00 pm na 10:00 am, mzungu akiona saa 4 atajua ni ya jioni atakaa chumbani mpaka nyie mchoke. Nilicheka kinoma.

Usiku nikaingia mtandaoni kucheki (ona sasa, neno lenyewe hilo) aisee ni balaa. Kamusi ya Wamarekani, Merriam-Webster, check-in inaiwekea kistari ila checkout na checkup inaziunganisha, wakati Waingereza check-up wanaiachia kistari chake, na hundi ya benki Mmarekani anaiandika check sisi tumezoea cheque ya Muingereza. Kamusi ya Waingereza, Shorter Oxford, toleo la 2007 ndo walitoa vistari kwenye maneno kama 16,000 kwa mpigo, sasa hapo aliyesoma zamani na aliyesoma juzi watabishana mpaka asubuhi na kila mtu ana kamusi mkononi. Na eti asili ya neno check ni shah, mfalme kwa Kiajemi, kwenye chesi ukimbana mfalme ndo unasema check. Kutoka kwa mfalme mpaka taa ya cheki injini kwenye IST ya mtu! Na sisi tumeshalibeba, kuna cheki apu ya hospitali, cheki namba ya mtumishi wa serikali akienda kukopa, masela wa zamani chekibobu, kasoro shati tu, lile la mirabamiraba ambalo Kingereza nalo ni check, sisi tukaliita la drafti tukamaliza.

Haya turudi dukani. Kazi safi, akriliki nzito, herufi hazijabanduka mwezi wa pili huu na kibao kimoja kinapigwa jua kutwa. Elfu 25 kila kimoja, sio bei ya kulia.

Shida yao ni muda. Niliambiwa "nitakucheki jioni" siku ya Jumatatu, nimekuja kuchukua Ijumaa, tena nimeenda mwenyewe nikakuta vibao viko tayari vimeegemezwa ukutani nyuma ya feni, hakuna aliyenicheki. Ukienda, nenda asubuhi kabla foleni haijajaa, kaa kwenye lile benchi lao mpaka kitoke.

Jana nimewapa oda ya kadi za biashara, dogo kanijibu "poa dada, nakucheki kesho". Nimemwambia hapana, nakuja.