Kula kwenye hoteli kubwa za ufuoni Diani na Nyali: ipi inalipa, ipi waachie watalii

Nianze na kosa langu mwenyewe ndo mjue naongea nikiwa nimeumia. Mwezi wa saba, birthday ya mume wangu, nikabuki meza ya wawili mchangani kwenye hoteli moja kubwa Diani, jina nalihifadhi. Picha walizonitumia kwa WhatsApp zilikuwa tamu, kitambaa cheupe, mishumaa, asumini zimemwagwa mezani, na nyuma ya meza jua linazama kwa maji. Nikatuma deposit ya M-Pesa siku hiyohiyo. Tumefika saa moja na nusu usiku, giza. Upepo wa kusi unavuma ule wa kweli, mishumaa inazimika kila ikiwashwa mpaka weita akachoka, kila kijiko cha wali kina mchanga unasikia krrr kwa meno, na bahari yenyewe tunaisikia tu pale gizani. Yaani tulilipa pesa ya kuangalia bahari tukaangalia giza.

Na lile jua la kwa picha? Diani inaangalia mashariki jamani. Nyali, Bamburi, Shanzu, zote hivyohivyo. Jua letu linatoka baharini asubuhi, jioni linazama nyuma ya minazi huko upande wa barabara. Mtu akikuuzia "dinner ya jua kuzama baharini" Diani, muulize hilo jua limehamia lini. Ukitaka kuona jua likiingia majini nenda Nungwi au Kendwa kule Unguja, au Forodhani, pale upande ni wa magharibi.

Kwa hiyo hii orodha yangu nimeipanga kwa kitu kimoja tu: je, hiyo bahari unayolipia utaiona? Manake chakula kizuri Mombasa kiko kila kona, hata pale barabarani mishkaki na viazi karai vitakushibisha kwa pesa ya mfukoni. Hotelini unalipia kile kiti na kile kinachoonekana mbele yake.

Ya kwanza: chakula cha mchana, kuagiza kwa menyu, siku ya katikati ya wiki

Hii hakuna inayoikaribia. Jumanne au Jumatano saa saba mchana hoteli imetulia, weita ana muda na wewe, unachagua meza ya mbele kabisa, na unalipia sahani moja badala ya bufee nzima.

Lakini chagua siku. Hili watu wa bara hawalijui na wengi wetu wa huku tunalisahau tukishavaa nguo za kutokea. Siku za bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, huku kwetu maji yanakupwa sana mida ya saa nne asubuhi halafu yanajaa mida ya saa kumi jioni. Ukikaa saa saba maji yameshaanza kurudi, halafu ukiwa unakula yanakuja, yanakuja, ukifika kwa kahawa yako chini ya ukuta. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hakuna hiyo shoo, bahari imekaa tu. Kila siku saa za maji zinasogea kama dakika 50 hivi, kwa hiyo usibebe saa za wiki jana ukadhani ndo za leo. Ukipiga simu kubuki uliza "maji yanajaa saa ngapi siku hiyo", wakishindwa kujibu muulize mvuvi yeyote.

Cha kuagiza: uliza leo kimeingia nini, usianze na menyu. Changu mzima wa kupaka au wa kuchoma ndo kipimo changu. Kuna mahali weita alinijia na sinia, samaki wawili wabichi juu ya barafu, akaniambia "dada chagua", akafunua matamvua kwa kidole nikaona bado mekundu, macho yametuna hayajaingia ndani. Huyo nilimuachia tipu nzuri hata kabla sijala. Sehemu ambayo hawataki uone samaki kabla hajapikwa, agiza kuku. Na kumbuka msimu, kuanzia mwezi wa nne mpaka kama wa tisa kusi inakaza, mashua ndogo haziendi mbali, kwa hiyo "samaki wa leo" mara nyingi katoka kwa friza. Kaskazi ikishaingia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu ndo unakula jodari na nguru kwa raha.

Hoteli nyingi zinataka kiingilio kwa mtu asiyelala pale. Uliza swali moja tu: hicho kiingilio kinakatwa kwa bili ya chakula au kinapotea? Kikikatwa, umepata bwawa bure na watoto wanaogelea mpaka jioni. Kisipokatwa, tafuta hoteli nyingine.

Halafu linda sahani yako. Diani kima na tumbili ni wezi wa kusomea, watakutoa mkate mkononi. Mbega wale weusi wenye manyoya meupe msiwafukuze, wanakula majani, hawana haja na chipsi zenu.

Ya pili: saa kumi jioni, dafu na vitafunio

Bajeti ndogo? Hii ndo yako na wala usione haya. Kiti ni kilekile cha yule aliyelipa dinner, bahari ni ileile, na kama ni bamvua maji yamejaa pomoni. Agiza samosa, ngisi wa kukaanga, dafu, kaa masaa mawili. Nguo nzuri, uso mkavu. Hakuna atakayekuuliza.

Ya tatu: usiku wa vyakula vya baharini

Hoteli nyingi zina siku moja kwa wiki wanawasha jiko la mkaa nje, wapishi wanachoma mbele yako. Hapa ni usiku, bahari huioni, lakini angalau kuna kitu kingine cha kuangalia na chakula kinatoka motoni kikiwa cha moto. Nenda mapema, saa moja kamili, kabla ya kamba wakubwa kuisha na kubaki vile vidogo vya kupamba wali.

Ila mtego uko kwa kamba koche. Kama yuko ndani ya bei ya bufee, kula. Kama anauzwa kwa kilo, simama kwanza. Kamba koche wetu hana zile gando kubwa zenye nyama unazoziona kwa sinema za Marekani, nyama yote iko mkiani, na zaidi ya nusu ya ule uzito unaolipia ni gamba na kichwa. Wifi yangu aliwahi kuletewa bili ya kamba koche ambaye hakuna aliyemwona kwa mizani, tukauliza uzito tukaambiwa "mpishi ndo anajua". Mpishi akaitwa, naye akasema muulizeni weita! Tangu hapo mimi nasema apimwe mbele yangu na aandike bei kwa karatasi kabla hajaingia jikoni, hata kama wageni meza ya pili wananiangalia.

Na ukishika menyu yoyote, soma yale maandishi madogo chini kabla hujachagua. Kuna wanaoandika bei ikiwa kamili, kuna wanaoandika bei tupu halafu bili inakuja na VAT 16%, ada ya utalii 2% na service 10% juu. Sahani ya 4,000 inakuwa 5,120 hivihivi, na hapo mko watu sita.

Ya nne: branchi ya Jumapili

Nzuri kama una watoto na wazee, mchana, bahari inaonekana, kila mtu anapata anachotaka. Shida ni kelele na foleni ya omeleti. Uliza watoto wanalipia nusu mpaka miaka mingapi, kila hoteli ina yake, na mamangu hajawahi kula chakula cha thamani ile hata siku moja, anachukua mahamri mawili na chai ya maziwa anasema ameshiba. Wazee wa hivyo waagizieni kwa menyu.

Ya tano: bufee ya kawaida ya usiku

Hapana. Hii imepangwa kwa mgeni aliyelala pale na ameshalipia chakula pamoja na chumba. Wewe unayetoka kisiwani Mombasa kuja Diani unalipa bei kamili kula pilau iliyokaa kwa bakuli la stimu tangu saa kumi na mbili, halafu saa nne usiku unaanza kufikiria foleni ya feri Likoni au uzunguke kwa barabara ya Dongo Kundu. Kama ni pilau unataka, iko mtaani, imetoka jikoni sasa hivi.

Ya mwisho: meza ya wawili mchangani

Ile yangu. Ndo ghali kuliko zote na ndo niliyoona bahari kidogo kuliko zote. Menyu wamekupangia wao, mara nyingi huwezi kubadilisha, chakula kinatembea kutoka jikoni mpaka ufuoni kinafika vuguvugu, na deposit mara nyingi hairudi hata mvua ikinyesha, kwa hiyo kabla ya kutuma uliza kwa maandishi mvua ikija mnahamishwa wapi.

Kuna usiku mmoja tu naukubali. Msimu wa kaskazi, Desemba mpaka Februari, upepo wa jioni si mkali kama wa kusi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa Kiislamu. Hapo ule mkosi wa kuangalia mashariki unageuka kuwa faida, jua likizama tu nyuma yenu mwezi unatoka baharini mbele yenu, mkubwa, wa rangi ya chungwa. Buki saa kumi na mbili jioni, sio saa mbili. Mwambie meneja azime zile taa kubwa za kumulika ufuo. Na wakikubali uchague, wali usiagize, agiza viazi.