Tahadhari: Anayewauzia Waswahili «kitalu» cha kuwinda elki Colorado hana kitalu wala kibali

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, hasa mlioko Colorado na majimbo ya jirani, pamoja nanyi mnaopanga kuja kututembelea wakati wa msimu wa uwindaji, naomba mnisome kwa makini. Kuna mtu anayejitangaza kwa Kiswahili fasaha katika makundi yetu ya WhatsApp kwamba anaongoza safari za kuwinda elki katika misitu ya taifa. Mimi na shemeji yangu tulimlipa jumla ya dola 5,900. Hatukufyatua hata risasi moja, hatukurudishiwa hata senti, na nusura shemeji aingie katika kosa la ujangili bila kujua. Jina lake silitaji, kwa kuwa malalamiko yetu yako mikononi mwa wanaohusika, na kwa kuwa jina lenyewe amekwisha kulibadilisha. Nitakachoeleza ni namna anavyofanya kazi, maana hiyo hajaibadilisha.

Kwa wasiomfahamu, elki ni mnyama wa ukoo wa kulungu wa nchi za baridi. Dume lake hufikisha kilo 300 na zaidi, na pembe zake, tofauti na za pofu au tandala wetu, huanguka kila mwaka na kuota upya. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lingine lolote la Marekani, zaidi ya robo milioni, na wengi wao huishi katika ardhi ya umma, yaani misitu ya taifa na maeneo mengine ya serikali kuu ambayo mtu yeyote mwenye leseni halali anaruhusiwa kuingia na kuwinda. Jambo hili la mwisho ndilo nililopaswa kulitafakari kabla ya kutoa fedha, na sikulitafakari.

Mimi nimezaliwa Tanzania, na marehemu baba yangu alikuwa mfuata nyayo wa kampuni ya uwindaji wa kitalii huko Rungwa. Kwetu, mtu akisema «kitalu chetu» anamaanisha eneo la pori lililogawiwa kampuni moja, na mtalii hawezi kuwinda humo bila kupitia kampuni hiyo na mwindaji bingwa wake. Ndugu zetu wa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, hawana hata kipimo hicho cha kulinganishia. Tapeli huyu anatujua vizuri. Alinitumia ramani ya eneo la Flat Tops, ndani ya Msitu wa Taifa wa White River, iliyochorwa mpaka mwekundu, akaandika juu yake «kitalu changu», akaniambia kwamba ndani ya mpaka huo hakuna mwindaji mwingine anayeruhusiwa kukanyaga. Nikaamini mara moja, kwa sababu maneno yale niliyazoea tangu utotoni.

Kitu hicho hakipo. Msitu wa White River una zaidi ya hekta 900,000, na hakuna mwongozaji anayemiliki hata hatua moja ya ardhi yake. Anayetaka kuongoza wawindaji kwa malipo ndani ya msitu wa taifa hupewa na Idara ya Misitu ya Marekani kibali maalumu cha kufanya biashara hiyo katika sehemu iliyotajwa, kwa shughuli iliyotajwa na kwa kiasi cha wateja kilichotajwa. Kibali hicho humruhusu kutoa huduma, hakimruhusu kumzuia mtu mwingine. Mwenye leseni yake anaweza kupiga hema karibu na kambi ya mwongozaji na akawinda bonde lile lile bila kuvunja sheria yoyote. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia «haki ya kuwinda peke yenu» katika ardhi ya umma anakuuzia hewa, hata kama mengine yote anayosema ni kweli.

Bei yake ilikuwa dola 2,600 kwa kila mtu kwa siku tano, pamoja na hema, chakula na farasi wa kubeba nyama. Nilikwisha kuona kampuni zenye vibali zikitoza mara mbili ya kiasi hicho na zaidi, lakini nilijifariji kwamba huyu anatupunguzia kwa kuwa ni ndugu. Alitaka arbuni ya nusu kwa Zelle, yaani njia ya kutuma fedha papo hapo kwa simu kutoka akaunti ya benki hadi nyingine. Arbuni peke yake si dalili ya utapeli, maana waongozaji waaminifu nao huitoza, nafasi zao zikiwa chache na zimehesabiwa katika kibali. Tatizo lilikuwa kwamba hakutoa mkataba wa maandishi, akidai kwamba baina ya Waswahili neno linatosha. Sheria ya Colorado inamtaka kila mwenye biashara ya kuongoza wawindaji awe amesajiliwa na jimbo, awe na bima, aweke dhamana isiyopungua dola 10,000, na ampe mteja mkataba wa maandishi kabla ya safari. Hakuna kipengele kinachowasamehe wanaozungumza lugha moja.

Alituahidi pia kwamba kila mmoja angerudi na dume. Baba yangu, aliyetembea porini kwa zaidi ya miaka 20, hakuwahi kumwahidi mgeni mnyama; alikuwa akisema upepo hausaini mkataba. Katika misimu ya kawaida hapa Colorado, kati ya wawindaji watano wa elki, takriban mmoja tu ndiye anayefanikiwa, na ardhi ya umma huwa na wawindaji wengi kuliko mashamba ya watu binafsi. Alisema tena kwamba angetupeleka kwa pikipiki za magurudumu manne hadi katikati ya Flat Tops, ilhali sehemu kubwa ya eneo hilo imehifadhiwa chini ya sheria ya mwaka 1964 inayokataza kabisa vyombo vya moto. Watu huingia humo kwa miguu au kwa farasi. Na zile picha! Katika moja, dume mwenye pembe za ncha saba kila upande amelala juu ya nyasi zilizokatwa vizuri, na nyuma yake inaonekana kona ya nyumba. Baadaye mwenyeji mmoja alicheka alipoiona, akaniambia kwamba elki wa namna hiyo hupigwa picha na watalii katika mji wa Estes Park, kando ya hifadhi ya taifa ambako haturuhusiwi hata kubeba upinde kwa nia ya kuwinda.

Shemeji alikuja kutoka Minnesota, na kwake ubaya ulikuwa mkubwa zaidi. Mtu yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake kwa kawaida hawezi kununua leseni ya kuwinda Colorado bila cheti cha mafunzo ya usalama wa wawindaji, na shemeji hakuwa nacho. Mimi nilikuwa nimesoma kozi hiyo na kununua leseni yangu dukani, ambayo kwa mkazi wa jimbo haifiki dola 100. Kwa asiye mkazi leseni ya elki huzidi dola 700. Yule bwana akasema, «Kaka, hilo niachie mimi, nitumie 700 tu, nitalimaliza.» Akaongeza kwamba mnyama akianguka yeye mwenyewe humchinja, jambo lililomvuta shemeji kuliko pembe, kwa kuwa alikuwa anawaza nyama halali ya kupelekea familia yake na majirani.

Tulikutana naye katika mji mdogo wa Meeker, siku moja kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa pili wa bunduki, mwishoni mwa Oktoba. Tuliacha gari letu mjini, tukapanda lake, na tulipofika kambini akadai nusu iliyobaki kwa fedha taslimu. Tukampa. Farasi hawakuwepo. Hema lilikuwa moja, jembamba, la aina inayouzwa kwa ajili ya kulala ufukweni wakati wa kiangazi, nasi tulikuwa kwenye mwinuko wa karibu mita 3,000 na theluji imeanza kudondoka. Usiku ule akamkabidhi shemeji leseni. Niliisoma kwa mwanga wa tochi, nikaona jina la mtu mwingine kabisa. Nilipomuuliza, alijibu bila kutikisika kwamba leseni ni karatasi tu na hakuna anayesoma majina porini.

Naomba wanaosoma wasiruke hapa. Leseni ya elki hutolewa kwa mtu mmoja aliyetajwa na haihamishiki. Nyama na pembe zinazobebwa kwa leseni ya mtu mwingine ni mali ya ujangili, hata kama aliyefyatua risasi alilipa fedha zake kwa nia njema. Tangu mwaka 1998 Colorado ina sheria inayoitwa kwa jina la Samson, elki maarufu aliyeuawa na jangili huko Estes Park mwaka 1995, nayo inaongeza faini ya dola 10,000 kwa anayeua kinyume cha sheria dume mwenye ncha sita au zaidi kwenye pembe moja. Anayefutiwa haki ya kuwinda hapa anaweza kufutiwa pia katika majimbo mengine, kwa kuwa karibu yote yana makubaliano ya pamoja. Wapo miongoni mwetu ambao bado wanafuatilia hati za ukaazi, na sihitaji kuwaeleza maana ya kuwa na kosa mahakamani. Shemeji aliirudisha ile karatasi, akasema yeye atatembea tu kama mshikaji darubini.

Siku ya kwanza tulizunguka kwenye kilima kilichojaa wawindaji wenye fulana za rangi ya machungwa, wote ndani ya kile alichokiita kitalu chake. Hatukuona elki. Nilimwonyesha nyayo za kundi la majike zilizokuwa zinavuka mkondo, bado mbichi, naye akazipita kana kwamba hakuna kitu. Ndipo nilipojua kwamba huyu bwana hata kuwinda hajui. Jioni akaona gari la askari wa wanyamapori limesimama kwenye kambi ya jirani. Akatuita pembeni, akasema, «Mkiulizwa, semeni sisi ni marafiki, tumechangia mafuta na chakula.» Kisha akasema anakwenda mjini kuchukua gesi ya jiko. Hatukumwona tena.

Kama mtasahau yote niliyoandika, kumbukeni sentensi ile ya «semeni sisi ni marafiki». Mwongozaji mwenye kibali hana sababu ya kumwomba mteja aseme uongo kuhusu malipo. Anayeomba hivyo anajua kwamba malipo yenyewe ndiyo kosa lake. Asubuhi askari alipofika tulimweleza ukweli wote na kumwonyesha risiti za Zelle kwenye simu. Alituhoji kwa upole, akaandika maelezo yetu, akakagua leseni yangu. Hakutushitaki. Kurudi Meeker tulipewa lifti na wazee wawili wa kambi ya jirani waliotupa na kahawa, na ambao, kwa taarifa yenu, walikuwa wanawinda bila mwongozaji yeyote, kama sheria ya Colorado inavyoruhusu. Katika jimbo la Wyoming asiye mkazi anayewinda wanyama wakubwa ndani ya maeneo ya pori yaliyotengwa na serikali kuu lazima awe na mwongozaji, hapa sivyo.

Niliporudi nyumbani nilipiga simu ofisi ya wilaya ya msitu ule. Mama aliyepokea aliniuliza jina la mwongozaji na mwaka, akatazama orodha, akaniambia hayumo na hajawahi kuwemo. Simu ile haikuchukua dakika tano. Kisha nikatafuta kwenye tovuti ya jimbo la Colorado inayoonyesha waliosajiliwa kuongoza wawindaji, nako hayumo. Kwa hiyo mwombeni mtu yeyote wa namna hii namba yake ya usajili na jina la ofisi ya msitu iliyompa kibali, halafu pigeni simu wenyewe, kwa namba mliyoitafuta wenyewe na siyo aliyowapa yeye. Ulizeni kama kibali ni cha uwindaji, maana wapo wenye vibali vya kupandisha watalii farasi peke yake, na kama kinahusu wilaya ile hasa, kwa sababu msitu mmoja una wilaya kadhaa. Fedha zitumwe baada ya majibu na baada ya mkataba, kwa njia ambayo benki inaweza kuirudisha. Benki yangu ilikataa kunirejeshea, kwa hoja kwamba Zelle niliituma kwa mkono wangu mwenyewe, na sikuwa na la kubisha.

Tumeshapeleka malalamiko kwa ofisi ya usajili ya jimbo, kwa askari wa wanyamapori, na kwa kitengo cha FBI kinachopokea taarifa za ulaghai wa mtandaoni. Kama na wewe ulimlipa, tafadhali tunza ujumbe wote, sauti alizokutumia na risiti, usifute kitu kwa hasira kama shemeji alivyotaka kufanya, kisha upeleke malalamiko yako kivyako, kwa kuwa kila lalamiko huhesabiwa peke yake.

Wiki iliyopita ameonekana tena kwenye kundi moja la akina mama na baba wa Kongo na Burundi walioko Texas, kwa jina jipya na namba mpya ya simu, akitangaza nafasi nne za Oktoba ijayo. Ramani ni ile ile yenye mpaka mwekundu, na yule dume mwenye ncha saba bado amelala kwenye nyasi zake zilizokatwa.