Mbolea ya unga kwa tilandisia zangu hapa Lamu: uzoefu wangu

Nimeanza kuitumia mbolea hii tangu kusi ya mwaka jana na nimeridhika nayo, ila maelezo ya kwenye kopo hayakuandikwa na mtu anayechota maji Lamu.

Kwa asiyezijua, tilandisia ni jamaa ya nanasi, na asili yake ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Hazitaki udongo. Mizizi kazi yake ni kushika tawi au jiwe tu. Maji na chakula hunywa kwa majani, kupitia vijigamba vyeupe vinavyoufanya mmea uonekane kama una vumbi. Zangu nimezifunga kwenye vipande vya boriti uani, na wageni hawaishi kuuliza kama ni za plastiki.

Kopo limeandikwa 17-8-22, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Kilichonishawishi kununua ni kwamba halina shaba, maana shaba ni sumu kwa mimea hii. Bei imechangamka, na bado kuna nauli ya mzigo hadi Mokowe kisha boti. Lakini haiishi upesi: natia robo kijiko cha chai kwa lita 4, mara moja kwa mwezi.

Sasa maji. Kisima chetu kina chumvi, na mbolea nayo ni chumvi. Ukiviweka pamoja ncha za majani hugeuka kahawia na kukauka, halafu utailaumu mbolea bure. Kopo halisemi neno kuhusu hilo, na hapo nalipunguzia alama. Mimi nayeyushia kwa maji ya mvua niliyokinga wakati wa masika nikayaweka kwenye madumu. Kusi ikivuma kwa nguvu, upepo wenyewe huja na chumvi ya bahari, basi nazisuuza kwanza kwa maji matupu ndipo nizipulizie mbolea. Baadaye nazipindua kichwa chini mpaka zikauke, muda usizidi saa nne hivi. Maji yakituama katikati ya majani, mmea huoza. Siku za mvua zisizokatika sizipi kitu.

Matokeo? Ionantha, aina mojawapo ya tilandisia, zimegeuka nyekundu zikatoa maua ya zambarau. Siwezi kuapa kwamba ni mbolea, kwani zingechanua wakati wake tu. Ninachoona ni watoto: mmea huchanua mara moja maishani kisha huzaa pembeni, na mimea iliyopata mbolea ina watoto wanene kuliko ile ya dadangu, ambayo hunyunyiziwa maji peke yake.

Lawama nyingine ni kifuniko. Hakibani vizuri, na kwa unyevu wa huku unga umegandana kama sukari guru. Unga wenyewe nimeuhamishia kwenye chupa ya kahawa. Kopo kubwa msinunue. Chukueni dogo mgawane na jirani.