Kitabu cha mtoto ndani ya simu: tathmini ya Bloom na Reading App Builder

Mwandishi wa Mombasa aliye na hadithi nzuri ya watoto lakini hana mtaji wa kupeleka mswada kwa mpiga chapa ana njia ambayo wengi bado hawajaijaribu, nayo ni kukifanya kitabu chake kiwe programu ya simu yenye picha, maandishi na sauti ya msimulizi, kisha kukitoa yeye mwenyewe kwa jina lake. Tathmini hii inahusu programu mbili za kompyuta zinazoifanya kazi hiyo kwa kushirikiana, Bloom na Reading App Builder, ambazo nimezitumia kutengeneza kitabu cha kaa anayeishi katika mikoko ya hori ya Tudor. Nazipendekeza kwa dhati, hasa kwa ajili ya jinsi zinavyoshughulikia sauti, ingawa anayezianza anapaswa kujua kwamba kazi nzito inamngoja mwishoni, anapokaribia kukiweka kitabu katika duka la programu za simu.

Zote mbili hutolewa bure na SIL, shirika la kimataifa lisilo la kibiashara linalojishughulisha na lugha. Baadhi ya wazazi wa Mji wa Kale, wakijua kwamba shirika hilo lina asili ya Kikristo, wameniuliza kama kuna mafunzo ya dini yanayopenyezwa ndani ya vitabu, na ni swali la haki kwa mzazi yeyote. Hakuna. Kinachoonekana kwenye ukurasa ni kile alichokitunga mwandishi. Wala hakuna ada ya kila mwezi, na faili zote hubaki katika kompyuta yako. Nalisisitiza hili kwa sababu kampuni moja niliyoiendea hapo mwanzo ilitaka kulipwa kila mwezi na kuzishika faili zenyewe, hivi kwamba siku ambayo ningeshindwa kulipa, kitabu kingetoweka pamoja na mkataba. Mwandishi asikubali sharti la namna hiyo hata kama bei inavutia.

Bloom ndiyo unayoanza nayo. Hufanya kazi kwenye kompyuta ya Windows, na mtu anayejua kuandika barua kwa kompyuta ataielewa haraka: unachagua mpangilio wa ukurasa, unaweka picha, unaandika maneno, unaendelea na ukurasa unaofuata. Ina pia sehemu ya kupanga kiwango cha usomaji, ambapo unaweka kikomo cha idadi ya maneno kwa sentensi na kwa ukurasa, na programu hukuonya unapokivuka. Kwa Kiswahili nashauri vikomo hivyo vishushwe, maana neno letu moja la kitenzi laweza kubeba mtenda, wakati na mtendwa, na mtoto anayeanza kusoma huchoka kabla hesabu ya maneno haijaonyesha tatizo lolote.

Sauti ndiyo iliyonifanya niandike tathmini hii. Bloom hurekodi sentensi moja moja: sentensi iliyo zamu yake huangaziwa kwenye skrini, msimulizi anaisoma, kisha anahamia inayofuata. Msimulizi wangu ni mama mmoja wa makamo kutoka Kibokoni, ambaye husimulia kwa Kimvita safi na ambaye hakuwa amewahi kukaa mbele ya maikrofoni. Tulifunga madirisha na kuzima feni, lakini vichochoro vya Mji wa Kale havinyamazi, na katikati ya sentensi ya kaa kutoka shimoni ikapita tuktuk ikipiga honi. "Mwanangu, nirudie tangu mwanzo?" akauliza, akiwa ameshakata tamaa. "La, shangazi, rudia hiyo moja tu." Akairudia, tena kwa madaha zaidi, na zile nyingine zikabaki kama zilivyokuwa. Kitabu kinapochezwa kwenye simu, sentensi inayosomwa hupakwa rangi kadiri sauti inavyosonga, na mtoto huliona neno huku akilisikia likitamkwa kama linavyotamkwa nyumbani kwao. Watoto wetu wamezoea vitabu vya lugha sanifu vilivyotungwa mbali na pwani, na sina shaka kwamba kusikia lafudhi ya bibi yao ikitoka ndani ya kitabu ni heshima wanayoistahili.

Kwa upande wa picha, Bloom inaweza kutumia mkusanyiko uitwao Art of Reading, wenye michoro zaidi ya 10,000 kutoka nchi mbalimbali, ambayo mingi ni ya rangi nyeusi na nyeupe. Ni hazina kubwa kwa mwalimu anayetaka kitabu cha darasani kesho asubuhi. Hata hivyo, anayetaka kitabu chenye sura ya Mombasa, chenye milango ya nakshi, leso na ngalawa zilizopwelewa, atafute mchoraji wa hapa na amlipe. Michoro ya karatasi ipelekwe saiba ikapitishwe kwenye skana, kwa kuwa picha iliyopigwa kwa simu huacha kivuli pembeni ambacho huonekana wazi mtoto anapoivuta kuikuza. Makubaliano ya hakimiliki na mchoraji yaandikwe na kutiwa saini kabla penseli haijagusa karatasi, yakieleza kwamba michoro itatumika ndani ya programu ya simu na si katika kitabu cha karatasi pekee.

Kitabu kikishakamilika, Bloom hukitoa kama faili ambalo Reading App Builder hulipokea pamoja na sauti zake. Hapa mambo hubadilika. Programu hii ya pili inahitaji uweke kwanza Java (programu saidizi inayoiwezesha kufanya kazi) na zana za kutengenezea programu za Android kwenye kompyuta, mzigo mkubwa wa kupakua kwa mtu anayetegemea bando, na lugha yake ni ya mafundi. Maelekezo yake yameandikwa kwa kina, lakini yanamtaka mtu mwenye subira. Ukizishinda hatua hizo unachagua jina la programu, aikoni, rangi na fonti, kisha unaitia saini ya kidijitali, inayothibitisha kwamba ni yako, kwa faili maalumu la ufunguo lenye nywila yake. Faili hilo lihifadhiwe mahali pawili tofauti, kwa sababu programu uliyoigawa kwa mkono haiwezi kupokea toleo jipya lisilotiwa saini kwa ufunguo uleule. Kwa wale waliokwisha kurekodi hadithi nzima kwa mfululizo, Reading App Builder inaweza kutumia zana ya bure iitwayo aeneas kukadiria kila kifungu kinaanzia wapi, nawe ukasahihisha palipokosewa.

Duka la Google Play hutoza dola 25 mara moja tu kufungua akaunti ya msanidi, yaani mtengenezaji wa programu, na kwa mwenye kuuza hukata asilimia 15 ya dola milioni 1 za kwanza za mapato ya mwaka. Kinachowakwamisha wengi ni sharti la majaribio: akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima iwe na wajaribu wasiopungua 12 walioshiriki kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuruhusiwa kuomba kuiweka programu hadharani. Awali walitakiwa 20. Mimi niliwaomba wazazi wa wanafunzi wangu, na nashauri uwe na watu kadhaa wa ziada, kwani akijiondoa mmoja idadi inapungua. Kwa kuwa wasomaji ni watoto, duka pia linakutaka utaje umri unaowalenga na kuweka sera ya faragha. Kitabu kisicho na matangazo na kisichokusanya taarifa za mtoto kina majibu mafupi katika fomu hizo, na kwa maoni yangu hakuna kitabu cha mtoto kinachopaswa kuwa vinginevyo.

Asiyetaka duka anaweza kuligawa faili la APK, yaani faili la kusakinisha programu kwenye simu ya Android, kwa WhatsApp, kwa Bluetooth au kwa kadi ya kumbukumbu, na kitabu kikiwa na sauti zake ndani husomeka hata pasipo intaneti, jambo linaloifaa familia ambayo simu ni moja na bando ni la kupima. Simu itamwonya mzazi kwamba programu haikutoka dukani, kwa hiyo mweleze mapema utengenezaji wake ulivyofanyika.

Upande wa iPhone, Reading App Builder inaweza kutoa programu pia, ila kazi hiyo hufanyika kwenye kompyuta ya Mac, na uanachama wa wasanidi wa Apple ni dola 99 kila mwaka. Kwa kitabu cha kaa nimeuacha upande huo, maana karibu wazazi wote ninaowahudumia wanatumia Android, na fedha hizo nimezitenga kumlipa mchoraji wa kitabu cha pili.